Ng'ombe Asiye na Kichwa, Kichwa Kisicho na Ng'ombe

Mhadhara kwa walimu, maafisa ugani na watoa huduma za afya wa Karagwe na Kyerwa



Mwaka 1876 Henry Morton Stanley alipokewa hapa Karagwe na Omukama Rumanyika, yuleyule aliyewakaribisha Speke na Grant mwaka 1861. Alitembezwa katika nyumba ya hazina ya mfalme, na katika orodha ya vitu alivyoviona mle aliandika habari za ng'ombe kumi wa shaba wasio na vichwa. Naomba tukae na ng'ombe hao kidogo. Mgeni yule alikuwa ametoka mbali, lugha ya wenyeji hakuijua, na fundi aliyewatengeneza ng'ombe hao hakuwawekea uso wala pembe. Bado alipowatupia jicho alijua ni ng'ombe. Mwili ulitosha.

Sasa chukueni herufi A kubwa muipindue, miguu ikae juu. Mtaona pembe mbili na uso uliochongoka. Karibu miaka 4,000 iliyopita, huko Misri na Sinai, watu wa lugha za Kisemiti waliandika sauti ya kwanza ya neno lao la ng'ombe kwa kuchora kichwa chake. Wafinisia wakakirahisisha wakakiita alefu, Wagiriki wakakiita alfa, kutoka kwao kikafika Roma, na Roma ikaueneza ulimwenguni mchoro tunaouandika leo ubaoni. Njiani kichwa kikampoteza ng'ombe wake. Hakuna mtoto wa darasa la kwanza hapa Kayanga anayetazama A akamwona ng'ombe, na heri asimwone, maana akimwona ng'ombe hatasikia sauti.

Ng'ombe asiye na kichwa anatambuliwa na kila mwenye macho aliyewahi kuona ng'ombe. Kichwa kisicho na ng'ombe kinatambuliwa na aliyefundishwa tu. Tofauti hiyo inaonekana hata ndani ya ubongo, na ndiyo iliyonileta mbele yenu.

Picha na neno lililoandikwa huingia kwa mlango mmoja, jicho, kisha vyote viwili hukimbilia kisogoni, ambako ubongo huchambua mistari, pembe na vivuli. Kuanzia hapo njia huachana. Ukiona uso wa mtu, ndani ya sehemu ya sita ya sekunde hivi ubongo umekwisha kuuitikia, na mwitiko huo una nguvu zaidi upande wa kulia. Msomaji akiona neno, mwitiko huja kwa kasi hiyohiyo, ila huegemea kushoto, kwenye kipande kidogo kilicho upande wa chini wa ubongo, kwa nyuma ya sikio. Wafaransa Laurent Cohen na Stanislas Dehaene na wenzao walikieleza kipande hicho mwaka 2000, na tangu hapo kimeonekana karibu mahali palepale kwa wasomaji wa maandishi ya namna nyingi, hata ya Kichina.

Hakuna anayezaliwa nacho kikiwa tayari kusoma. Maandishi yana umri wa miaka 5,000 na ziada, na kwa sehemu kubwa ya muda huo waliosoma walikuwa wachache mno. Muda huo hautoshi kuumba kiungo kipya kichwani. Dehaene anaeleza kwamba tunaazima: kipande kilichokuwa kikitambua nyuso, vitu na maumbo hupewa kazi nyingine. Mwaka 2010 yeye na wenzake walichapisha utafiti wa watu wazima 63 wa Brazil na Ureno. Kumi hawakujua kusoma, 22 walijifunza ukubwani, 31 walisoma tangu utoto. Walilazwa ndani ya mashine ya kupiga picha za ubongo, wakaonyeshwa maneno, nyuso, nyumba na vyombo. Kadiri mtu alivyosoma vizuri ndivyo kipande kile cha kushoto kilivyoyaitikia maneno kwa nguvu. Kwa wasiojua kusoma hakikuwa kimelala. Kilikuwa na kazi ya nyuso na vitu. Kwa wasomaji, nyuso zilikuwa zimesukumwa kiasi kuelekea kulia, kama mpangaji anayesogeza mizigo yake kumpisha mwingine.

Na wale 22 waliojifunza ukubwani? Kipande chao nacho kiliyaitikia maneno. Nataka mwalimu wa kisomo arudi na hili nyumbani kwake leo. Tumezoea kusema samaki mkunje angali mbichi, na kwa methali hiyo tumewakatisha tamaa akina mama wengi waliotaka kushika kalamu. Ubongo wa mtu mzima hukunjika. Huchukua muda zaidi, lakini hukunjika.

Tulianza kuyajua haya kwa njia ya ugonjwa. Mwaka 1887 huko Paris, mfanyabiashara mstaafu wa vitambaa, ambaye vitabu vya tiba vinamwita Oscar C., aliamka siku moja akakuta hawezi kusoma hata neno moja. Alikuwa amepata kiharusi kidogo. Alizungumza vizuri, aliwatambua watu, alitaja vitu vyote alivyoonyeshwa, hata tarakimu alizijua. Akisomewa imla aliandika sawasawa, halafu akashindwa kusoma alichoandika kwa mkono wake. Daktari Jules Dejerine alipompa gazeti la Le Matin, alilitambua mara moja kwa umbo lake, lakini herufi za jina la gazeti hakuweza kuzisoma. Alipofariki mwaka 1892 ubongo wake ulipasuliwa, na jeraha likaonekana upande wa kushoto, nyuma.

Gazeti lilikuwa limerudi kuwa picha. Hivyo ndivyo linavyotazamwa na kila asiyesoma, na hivyo ndivyo mtoto mdogo anavyotambua chupa ya soda dukani kabla ya kujua herufi hata moja: anaona rangi na umbo la maandishi kwa jumla, kama anavyoona uso wa mjomba wake. Kusoma kunaanza pale anapoacha kuona uso na kuanza kuona viungo.

Hapo walimu wa darasa la kwanza mnakutana na jambo ambalo naomba mlisamehe. Ng'ombe akielekea Uganda ni ng'ombe, akigeuka akaelekea Rwanda ni yuleyule. Kikombe ukikigeuza mkono ukakaa kushoto, bado ni kikombe. Ubongo umejifunza hivyo kwa muda mrefu sana, na ni busara, kwa sababu chui hapaswi kuwa chui mwingine anapogeuka. Kisha mtoto anafika shuleni, anaambiwa kwamba b ikigeuka si b tena, ni d. Anaandika dada akimaanisha baba, mwalimu anapiga mkasi wa wino mwekundu, na darasa linacheka. Mtoto huyo hakukosea kuona. Ameona kwa jicho la mfugaji. Tunamtaka aisahau busara ya kale katika pembe moja tu ya ubongo wake, ile ya herufi, na aitunze kwingine kote. Wengi huchukua mwaka mmoja au miwili. Msimpige.

Na kuna lugha. Mchoreeni mtoto wa kijiji cha Kibingo ng'ombe ubaoni, atasema mara moja: ente. Mchoreeni nyumba, atasema enju, mbuzi, embuzi. Picha haina kabila. Sasa andikeni ng'ombe. Aone n, aone g, aone ile alama ndogo inayoelea juu, ambayo ikikosekana sauti inabadilika. Aunganishe silabi mbili, apate ng'o-mbe. Amesoma, na amesoma vizuri, kwa sababu maandishi ya Kiswahili hayana hila: kila silabi inasemwa kama ilivyoandikwa. Lakini kama neno ng'ombe bado halijakaa kichwani mwake, sauti ile itapita ikitafuta pa kutua isipaone. Kipande cha kushoto hakina maana ndani yake. Kazi yake ni kupeleka: kwenye sauti, na kwenye maneno ambayo mtu anayo tayari. Mtoto wa Runyambo anayesoma ukurasa mzima kwa sauti safi bila kuelewa hana ugonjwa wowote. Barabara imejengwa, ila kijiji kilicho mwisho wake bado hakijahamiwa. Mwalimu anayetamka ente kabla ya kuandika ng'ombe hapotezi muda wa somo. Anahamisha watu waje kukaa kijijini.

Nije sasa kwa nguvu ya picha, kwa kuwa wengi wenu mnafanya kazi na mabango. Nguvu hiyo ni kubwa mno. Mwaka 1967 Mmarekani Roger Shepard aliwapitishia watu picha zaidi ya 600, kisha akawapa picha mbili mbili, moja ya zamani na moja mpya, wachague ile waliyoiona. Walipatia kwa asilimia 98 hivi. Kwa maneno, ilikuwa kama 90. Mwaka 1973 Lionel Standing alifika picha 10,000, na bado watu walipatia zaidi ya mara nane katika kila kumi. Allan Paivio wa Kanada, katika kitabu chake cha 1971, alilieleza hivi: picha ya kitu huhifadhiwa mara mbili, kama picha na kama neno lake, kwa sababu ukikiona kitu unakitaja kimoyomoyo. Neno mara nyingi huhifadhiwa mara moja tu.

Serikali zimelijua hilo kwa vitendo. Katika uchaguzi wa Tanzania wa 1965 wagombea ubunge walipewa alama mbili, jembe na nyumba, ili asiyesoma naye achague. Alama ilimfikisha mpiga kura kwa mtu wake bila kumpotosha jina. Lakini jembe liliweza pia kusifiwa kwa kulisha, na nyumba kwa kusitiri, sifa ambazo hazikumhusu mgombea hata kidogo. Picha ikishaingia kichwani, neno linaifuata nyuma, uwe umelialika au hukulialika.

Hilo nililiona kwa macho yangu. Shangazi yangu anaishi upande wa Kyerwa, na hakuwahi kusoma. Miaka michache iliyopita alipatikana na presha. Kwenye dirisha la dawa alikutana na kijana mwenye huruma, akaona mama huyu hasomi, basi badala ya kumwandikia kimoja kutwa mara mbili akamchorea kwenye kibahasha. Kushoto jua, lenye miale. Kulia mwezi, ule mwembamba wa kuandama. Chini ya kila kimoja, duara dogo: kidonge. Asubuhi kimoja, usiku kimoja. Mchoro ulikuwa mzuri kweli. Kibahasha hicho ninacho mpaka leo.

Wiki tatu baadaye nilikwenda kumsalimia, nikakuta vidonge vimebaki vingi kuliko hesabu. Nikamwuliza kama ameacha dawa. Akaniangalia kwa mshangao. "Mwanangu, nameza kila jua likitoka, sikosi. Kile cha mwezi nangoja mwezi uishe."

Ndugu zangu, hakukosea. Kwa Kiswahili mwezi ni ule wa angani na ni ule wa kalenda. Kwa Runyambo okwezi ni hivyohivyo. Jua nalo alilisoma kama siku. Siku, kidonge kimoja. Mwezi, kidonge kimoja. Ni usomaji uliokamilika, wenye mantiki kuliko wetu. Picha ilimfikia kwa wepesi wake wote, ikahifadhiwa mara mbili kama Paivio alivyosema, na ile nakala ya pili, ya neno, ndiyo iliyompeleka kwingine. Kilichoipa picha nguvu ya kukumbukwa ndicho kilichoipotosha. Nimeyafikiria sana haya tangu siku ile, kwa sababu presha ya mama yule ilibaki juu wiki tatu nzima kwa ajili ya mchoro uliochorwa kwa upendo.

Tangu hapo nikiona bango nalitazama kwa jicho jingine. Mwaka 2023, Marburg ilipotangazwa Bukoba Vijijini, na kabla yake Ebola ilipokuwa Uganda, mabango yalisambaa mkoani kote. Fikirieni bango lenye watu wawili wanaoshikana mikono, na mkasi mwekundu juu yao. Ninyi mnasoma: msishikane mikono. Lakini mkasi ule ni maandishi. Ni alama ya shuleni, ya daftari lililosahihishwa. Aliyekaa darasani anaujua kama anavyoijua a na b. Ambaye hakukaa anaona watu wawili wanaoshikana mikono na mistari miwili iliyokatiza. Atakachokumbuka kesho, kwa ile asilimia 98 ya Shepard, ni watu wawili wanaoshikana mikono.

Picha haina usi-. Hakuna namna ya kuchora kutokufanya. Unaweza kuchora mtu aliyesimama mbali na mwenzake, nalo ni bango bora zaidi, lakini hapo umechora kusimama mbali, hujachora katazo. Wala picha haina kama, hadi, isipokuwa, kabla. Afisa ugani anayepambana na mnyauko wa migomba, ule ulioingia Kagera karibu mwaka 2006, anajua maneno hayo yana thamani gani. Anaweza kuonyesha picha ya shina lililokatwa likitoa usaha wa njano, na mkulima wa Nyakakika hataisahau. Kuondoa ua dume kwa kijiti chenye panda nako kunachoreka. Lakini panga lichomwe moto kabla halijagusa mgomba wa pili, hata kama mgomba wa kwanza unaonekana mzima: hilo halichoreki. Uhai wa shamba umo ndani ya kabla na hata kama.

Ndiyo maana siwezi kukubaliana na wanaosema kwamba watu wetu wapewe picha, wasihangaishwe na kusoma. Nimesikia hoja hiyo katika semina nyingi, imevaa nguo za huruma. Mnajua karatasi za butura. Mtu ana shida ya ada au ya matibabu, kahawa bado ni maua mtini, anakuja mwenye fedha na karatasi. Bei, idadi ya magunia, tarehe, na mstari mmoja unaosema kahawa isipotosha itakuwaje. Wino wa bluu, dole gumba, imekwisha. Karatasi ile kwa asiyesoma ni kama Le Matin kwa Oscar C.: analijua umbo lake, anajua ni karatasi ya deni. Kile kama kilichomo ndani ndicho kinachomla. Hakuna picha itakayomwokoa na neno alilokwisha kuliwekea dole.

Tuliwahi kulichukulia jambo hili kwa uzito. Mwaka 1968, mkoa huu ungali unaitwa Ziwa Magharibi, ulikuwa mmoja wa mikoa minne ya ziwa iliyoanzisha kisomo chenye manufaa kwa msaada wa UNESCO, kwa vitabu vilivyofuata kazi ya mtu: pamba, migomba, uvuvi, mifugo. Mwaka 1970 Mwalimu Nyerere aliutangaza kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima. Kwa hesabu za serikali wasiojua kusoma walikuwa kama theluthi mbili ya watu wazima mwaka 1967. Mwaka 1975 asilimia 39. Mwaka 1986 karibu 10. Nyuma ya takwimu hizo kuna mamilioni ya vipande vya ubongo vilivyogeuzwa kazi, usiku, kwa taa ya chemli, na watu waliotoka kulima. Kisha madarasa yakafifia, na tukaanza kuchora miezi kwenye bahasha.

Kinachobadilika mtu akijifunza kusoma si jicho peke yake. Mwaka 1979 José Morais na wenzake walichapisha majaribio waliyofanya na wanakijiji wa Ureno. Waliwataka waondoe sauti ya kwanza ya neno waseme kilichobaki. Waliojifunza kusoma ukubwani waliweza. Wasiosoma walishindwa mara nyingi, ingawa lugha waliisema kwa ufasaha uleule. Silabi mtu huisikia bila shule; watoto wetu wanaocheza kinyume wanazigeuzageuza silabi wapendavyo. Ila kujua kwamba neno linaweza kukatwa, na kipande kikawa na maisha yake chenyewe, hilo huletwa zaidi na maandishi.

Siku ile kwa shangazi nilichukua kalamu nikaandika chini ya jua, asubuhi, na chini ya mwezi, usiku. Nikamsomea kila moja mara mbili tatu, nikamwachia. Sikutegemea kitu. Alilibeba neno usiku kama uso, kama Oscar C. alivyolibeba gazeti lake. Dawa akawa anameza sawasawa.

Miezi mingi baadaye tulikaa nje kwake baada ya ibada, kitabu cha nyimbo kiko mapajani mwake. Hukibeba kila Jumapili ingawa nyimbo anazijua kwa moyo. Akaweka kidole katikati ya ukurasa. "Huyu si yule wa kwenye dawa?" Nikaangalia. Lilikuwa usiku. Nikamsomea kwa kukata: u, si, ku. Akarudia, polepole, akitembeza kidole chini ya herufi. Kisha akachukua dole gumba lake, lile lililowahi kuchovya wino wa butura, akalifunika nalo ku.

"Sasa pamebaki nini?"

"Usi," nikamwambia.

Akanyamaza, macho hayajatoka kwenye karatasi, dole limekaa palepale. "Usi," akasema. "Usifanye nini?"